Magadi Chunguni: Faida Zake na Hadhari Zake

Tangu turudi kutoka Arusha, wanachama wengi wametuuliza mbona hatukuleta magadi. Habari ilikwisha kututangulia bandarini, kwamba wajumbe wa chama wameona huko kitu cha kupunguza kuni jikoni, na kwamba gunia moja tu lingelitosha tawi zima. Ni kweli tulikiona, na ni kweli tulikuwa karibu kulinunua gunia hilo. Basi ni haki ya wanachama kuelezwa kwa nini tulirudi bila ya kulinunua.

Tulikuwa watu saba, wanaume wanne na wanawake watatu. Tuliondoka baada ya msimu, majamvi yalipokwisha kukunjwa na wachumaji kulipwa haki zao. Tulivuka kwa chombo hadi Tanga, tukashika njia ya basi kupitia Segera, Korogwe, Same na Moshi, na magharibi ilipokaribia tukauona Mlima Meru mkono wa kulia, zaidi ya mita 4,500 kwenda juu, upande wake mmoja umebomoka kama chungu kilichovunjika mdomo. Wenyeji wetu walikuwa wakulima wa kahawa na migomba katika miteremko ya mlima huo, watu ambao, kama sisi, huitazama mbingu kwanza na bei baadaye. Nia ya safari ilikuwa kuona jinsi wanavyochanganya kahawa na migomba katika shamba moja, na habari hiyo tutaileta siku nyingine. Leo twasema juu ya chungu.

Usiku wa kwanza tuliandaliwa makande ya mahindi na maharagwe, na bakuli nyingine ya mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, ambayo wenyewe huyaita loshoro. Maharagwe yale yalikuwa laini hata mzee wetu mmoja, ambaye magego yamekwisha kumwaga, aliongeza mara mbili. Bibi mmoja katika msafara wetu hakuweza kuvumilia. Akamwuliza mwenye nyumba:

"Mama, umeyapika tangu alfajiri?"

"Hapana, bibi. Nimeyateleka saa tisa. Nimetia magadi kidogo."

Akatuletea kuona. Lilikuwa donge la rangi ya kijivu na nyeupe, zito kidogo, linalovunjika kwa kugonga jiwe. Kesho yake tuliyaona magadi mengi zaidi katika soko la Tengeru, yamepangwa mafungu mafungu kando ya maharagwe na vitunguu, na bei yake ndogo mno.

Magadi ni chumvi ya ardhi, lakini si chumvi hii tunayoijua sisi watu wa pwani. Chumvi yetu ni ya bahari. Magadi hutokana na nchi ya volkeno: maji yenye magadi hukauka juani, yakaacha ukoko mweupe. Mengi hutoka Ziwa Natron, kaskazini ya Arusha, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, ambao hata ujiuji wake wa moto una magadi ndani yake, jambo lisiloonekana katika volkeno nyingine inayowaka duniani leo. Mengine hukwanguliwa juu ya udongo wakati wa kiangazi, mahali maji yalipokauka. Magadi yanayouzwa madukani visiwani kwetu yametoka bara pia, maana sisi hatuna ardhi ya kuyatoa.

Faida yake jikoni si uvumi. Magadi ni kinyume cha ukali wa ndimu. Yakiingia katika maji ya moto huulegeza ule utando unaozishika pamoja chembe za maharagwe, na punje hulainika mapema. Mboga za majani nazo hubaki na rangi yake ya kijani. Mtu anayesumbuliwa na kiungulia akilamba kidogo hupata nafuu kwa muda, kwa sababu ile ile inayomfanya mwingine atumie bikabonati. Lakini lililotugusa sisi lilikuwa kuni. Kila mwanachama ajua bei ya mzigo wa kuni na ya gunia la makaa, na ajua pia mikarafuu mingapi mikongwe imeishia jikoni. Kitu kinachopunguza saa mbili za moto kwa kila chungu cha maharagwe ni kitu cha kuokoa miti. Mshika fedha wetu alikwisha kupiga hesabu ya nauli ya gunia kabla hatujamaliza chai.

Sasa twaja kwenye sababu.

Mwenyeji wetu ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili, mtoto msikivu na mwepesi wa kucheka. Tuliona kila anapocheka huweka mkono mdomoni. Tulidhani ni adabu. Siku ya pili baba yake akamwita, akamwambia, "Waonyeshe wageni meno yako." Meno ya mbele yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyokoza, na mawili yalikuwa na vishimo vidogo kama jiwe la matumbawe. Baba akatuuliza kama mafuta ya karafuu yanaweza kuyasafisha, kwa kuwa amesikia Zanzibar ndiko kwenye dawa ya meno. Swali hilo tutalirudia, kwa kuwa latuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote.

Meno yale si machafu. Ni alama ya madini yaitwayo floraidi. Madini haya, yakiwa kidogo, ni rafiki wa meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya mswaki. Yakizidi huingia katika meno ya mtoto wakati yanapoumbwa ndani ya ufizi, nayo huota yakiwa na mistari myeupe kama chokaa, kisha hugeuka kahawia. Jambo hili liliwasumbua watu mbali na hapa pia. Mwaka 1901 mganga wa meno Frederick McKay aliyaona meno ya namna hiyo katika mji wa Colorado Springs, Marekani, na ilipita miaka thelathini, hata 1931, ndipo mkemia H. V. Churchill alipogundua kuwa chanzo ni floraidi katika maji ya kunywa.

Katika nchi ya Meru floraidi hutoka katika majivu na mawe ya volkeno, na mvua hupita humo ikaichukua. Shirika la Afya Duniani lasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1984 ulikuta mito katika sehemu hizo za kaskazini ina miligramu 12 hadi 26, chemchemi 15 hadi 63, na madimbwi na maziwa ya magadi 60 hadi 690. Tulipita mahali paitwapo Maji ya Chai, kando ya njia kuu, ambapo mto wenyewe una rangi iliyopaletea jina. Hapo ni katika sehemu zinazojulikana zaidi kwa jambo hili. Hata serikali ilipata taabu kulitengenezea kanuni. Mwaka 1974 iliweka kipimo cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa kingewekwa chini ya hapo, vijiji vingi visingekuwa na maji ya kunywa kabisa. Baadaye kipimo kilishushwa hadi 4, na siku hizi ni 1.5 kama penginepo.

Meno ni aibu tu, mtu aweza kusema. Aibu si jambo dogo kwa kijana anayetafuta kazi au mchumba, na mtu wa Arusha akisafiri hutambuliwa kwa kicheko chake kabla hajataja kwao. Lakini floraidi nyingi ikiingia mwilini miaka mingi huingia katika mifupa pia. Mgongo na viungo hukakamaa, na katika vijiji vilivyozidiwa wako watoto ambao miguu yao imepinda. Mfupa uliokwisha kupinda kwa floraidi haunyooshwi kwa dawa ya kunywa.

Wenyeji walitupeleka Ngurdoto, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji. Njia inayojulikana hapo ni ya mkaa wa mifupa. Mifupa huchomwa katika tanuri kwa moto wa kiasi, ikasagwa chembe chembe, na maji yakipita katikati yake floraidi hunasa. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini mifupa ni ya mnyama gani, akajibiwa ni ya ng'ombe, akaridhika. Pale Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, ambako Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga na vitu vidogo sana vinavyoteka uchafu na madini, akapewa tuzo ya wahandisi wa Uingereza kwa Afrika mwaka 2015. Kwa hiyo watu wa huko hawakukaa wakilia. Lakini chujio hutaka kubadilishwa, na mkaa huchoka, na nyumba nyingi tulizoziona hununua maji ya kunywa tu. Maji ya kupikia ni yale yale.

Hapo ndipo magadi yanapoingia. Yametoka katika nchi ile ile ya volkeno, na mengi yana floraidi ndani yake. Mengine yana kidogo, mengine yana nyingi mno, na hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuyatenganisha. Muuzaji hajui. Mnunuzi hajui. Mama wa Meru anayetia magadi katika makande humwongezea mtoto floraidi juu ya ile iliyomo katika maji.

Usiku ule tulibishana. Waliotaka gunia walisema: maji ya visiwani kwetu si ya volkeno, nchi yetu ni ya matumbawe na udongo, kwa hiyo kijiko cha magadi hakitudhuru sisi kama kinavyowadhuru wao. Ni hoja yenye nguvu, na sisi tunaoandika habari hii tulikuwa miongoni mwa walioisema. Lakini haikusimama. Watafiti waliochunguza meno ya watoto nchini Tanzania katika miaka ya 1990 waliona alama hizo hata mahali ambapo maji yana floraidi kidogo tu, katika watu wanaopikia magadi. Tena tukapiga hesabu kwa mfano. Tuseme kilo moja ya magadi ina gramu moja ya floraidi. Kijiko cha gramu 5 kitatia chunguni miligramu 5. Hiyo ni sawa na floraidi iliyomo katika zaidi ya lita tatu za maji yaliyofika ukomo wa 1.5. Ikiwa magadi yale yana zaidi ya hapo, hesabu yapanda, nasi hatukuwa na njia ya kujua. Mzee wetu wa magego akasema, "Mimi yangu yamekwisha ondoka, nitakula. Je, wajukuu?" Tukapiga kura, watano wakakataa gunia na wawili wakalitaka.

Kabla ya kuendelea twataka kueleza nani hasa wa kuogopa, maana hatupendi mtu atupe chungu chake kwa hofu. Meno ya kudumu huumbwa ndani ya ufizi tangu mtoto azaliwe hadi yapata miaka minane. Huo ndio wakati wa hatari ya meno. Mtu mzima hawezi kugeuka meno kahawia kwa kula magadi, ingawa mifupa yake yaweza kudhurika ikiwa floraidi ni nyingi kwa miaka mingi. Lakini mtu mzima ana hadhari zake nyingine. Magadi yana sodiamu, kama chumvi, na mwenye shinikizo la damu anayejizuia chumvi huku akila magadi anajidanganya. Mwenye ugonjwa wa figo ayaache kabisa, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa floraidi na sodiamu mwilini. Na kwa kila mtu, magadi huharibu vitamini katika chungu, hasa B1 iliyomo katika maharagwe na ile C ya mboga za majani. Ule ukijani unaopendeza machoni si dalili kwamba mboga imebaki na nguvu zake.

Jambo moja tulilisikia huko mara nyingi, na twaliona hata kwetu: watu hufikiri maji yakichemshwa hutakata kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu, nako ni kuzuri. Floraidi haifi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki ile ile katika maji machache, yaani yazidi kuwa makali. Mwanachama mwenye mtoto anayesoma skuli Arusha, au binti aliyeolewa huko, na amwambie hili kabla ya mengine. Amwambie pia kwamba maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana shida hiyo, kwamba maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya mto, na kwamba uji wa mtoto mchanga uliopikwa kwa maji ya mto ndio mlango wa kwanza wa madhara. Chai kali nayo isipewe watoto wadogo, maana majani ya chai hukusanya floraidi.

Sasa turudi kwa yule baba na swali lake.

Tulikuwa na chupa kadhaa za mafuta ya karafuu tulizozichukua kama zawadi. Majirani walikwisha kusikia, wakaja wawili watatu kuuliza bei. Twakiri kwamba ilikuwa rahisi kunyamaza. Mafuta ya karafuu ni dawa ya meno kweli. Sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hufisha maumivu, na waganga wa meno huichanganya na unga wa oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Jino lililooza likimtesa mtu usiku, pamba yenye tone moja la mafuta humpa usingizi hata asubuhi aende kwa mganga. Hiyo ndiyo kazi yake. Haondoi kahawia ya floraidi, kwa sababu kahawia hiyo haiko juu ya jino, imo ndani yake. Kusugua kwa mchanga au mkaa nako ni kulikwangua jino bure. Mganga wa meno aweza kulisafisha jino kidogo au kulifunika kwa kitu cheupe, na hiyo ni kazi ya hospitali na ya fedha.

Tulimwambia baba hayo yote mbele ya mtoto. Tukamwambia na jingine ambalo sisi wenye karafuu hatulisemi vya kutosha: mafuta haya, yakiwa hayakuchanganywa, huunguza ufizi, na mtoto mdogo akiyanywa yaweza kumharibu ini. Wako watoto waliolazwa hospitali kwa chupa ndogo iliyoachwa wazi. Wanachama wanaoweka mafuta nyumbani na wayaweke juu, mbali na mikono midogo.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akacheka, akasema, "Basi nipeni karafuu zenyewe, tutie katika chai." Tukampa vibaba viwili. Yule mtoto akaondoka na chache mfukoni, akizitafuna.

Lakini kuni bado ni kuni, na hatukutaka kurudi na neno la kukataza tu. Mwenye nyumba, ambaye baada ya mazungumzo hayo alianza kupika chungu cha watoto mbali, alitufundisha namna yake, na bibi watatu wa msafara wetu wamekwisha ijaribu hapa nyumbani. Maharagwe huchaguliwa ya msimu mpya, kwa kuwa maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu hugoma hata yapikwe kutwa. Hulowekwa usiku kucha katika maji mengi, asubuhi maji yale humwagwa, yakatiwa mapya. Huchemshwa kwa moto mkali kwanza, kisha chungu hufunikwa vizuri, na moto hupunguzwa. Nyanya, ndimu na ukwaju visitiwe mpaka maharagwe yameiva, maana ukali huyakaza. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuunga mapema na kisha kulaumu maharagwe. Mwenye kapu kubwa na alijaze matambara au nyasi kavu, akitelekua chungu kikiwa kinatokota akizike humo na kukifunika. Kitaendelea kuiva chenyewe bila ya moto. Bibi yetu wa kwanza asema kwa njia hii ametumia nusu ya kuni za zamani. Wa pili asema si nusu, ni theluthi tu aliyookoa. Wa tatu bado anamlaumu mumewe kwa kulifunua kapu kila mara kutazama.

Mwenye kupenda magadi na aendelee, akijua anachokula, na akitengea watoto wa chini ya miaka minane chungu chao. Chama hakitayauza.

Tulirudi na magunia mawili ya maharagwe mapya ya Tengeru, ambayo yamegawanywa kwa wanachama waliolipa mapema. Donge moja la magadi tulilopewa na mwenyeji wetu liko ofisini, juu ya kabati la daftari, kwa yeyote atakayependa kuliona. Bado halijapimwa.